SOMO: WASIWASI UNAPIMWAJE?

Wapendwa, mgonjwa wa kwanza wa korona Sudan Kusini alithibitishwa tarehe 5 Aprili 2020. Joto la mwili tulijua kulipima. Je, wasiwasi?

Wataalamu hupima kwa maswali. Dodoso la GAD-7, la mwaka 2006, lina maswali saba juu ya majuma mawili yaliyopita: umeshindwa kuzuia mawazo? Umekasirika upesi? Umeogopa kwamba baya litatokea? Kila jibu hupata alama 0 hadi 3, kufuatana na wingi wa siku. Jumla ni 21. Ikifika 10, mtu huyo aonwe na mhudumu wa afya.

Lakini angalieni: alama huhesabu siku, hazitaji sababu. Mama wa Juba aliyefungiwa biashara yake mwaka ule, watoto wana njaa, angejibu "karibu kila siku". Dawa ya usingizi haijazi sufuria! Basi tunapotembelea nyumba, tuulize pia kama wamekula.

Tena, wengi wetu hatusemi "nina wasiwasi". Tunasema "nina mawazo mengi", au "moyo unanienda mbio". Asiyejua hayo ataandika sifuri. Na maswali haya yaulizwe faraghani, si mbele ya majirani.