Nywele za Nadhiri na Mlango wa Nyumba ya Mungu

Somo kwa walimu wa dini na wakatekumeni



Tufikiri jambo ambalo laweza kutokea Dominika yoyote katika parokia ya Kisangani. Kengele imekwisha kulia. Kijana mmoja aliyefuga nywele ndefu za kusokotwa anakaribia mlango wa kanisa. Mwalimu wa dini anamzuia: «Nenda ukanyoe kwanza, hapa ni mahali patakatifu.» Kijana anarudi nyumbani, na Dominika inayofuata haonekani. Je, mwalimu ameilinda heshima ya nyumba ya Mungu, ama amemfungia mlango mtu aliyeitwa na Mungu? Kabla ya kujibu, yafaa tujue maana ya nywele na maana ya mahali patakatifu.

1. Nywele zilizotolewa

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 6, twasoma habari za Wanadhiri. Mwanamume au mwanamke aliyetaka kujitenga kwa ajili ya Bwana aliweka nadhiri kwa muda. Hakunywa divai, hakukaribia maiti, hata ya baba au mama yake, wala wembe haukupita kichwani pake. Nywele zilizoota zilikuwa hesabu ya siku alizomtolea Mungu. Muda ulipotimia, alinyolewa penye mlango wa hema takatifu, na nywele zikatiwa katika moto uliokuwa chini ya sadaka ya amani.

Angalieni vema: nywele na mahali patakatifu vyakutana mlangoni. Nywele hizo hazikuwa pambo la kujivunia. Zilikuwa zawadi ya kutolewa. Mtume Paulo naye alikata nywele zake huko Kenkrea kwa sababu ya nadhiri (Mdo. 18).

2. Ishara isiyo na moyo

Wengi hudhani kwamba nguvu za Samsoni zilikaa katika nywele zake, kama watu wanavyodhani kwamba nguvu hukaa katika hirizi. Maandiko yafundisha vingine. Aliponyolewa, aliamka akidhani atajikomboa kama zamani, naye hakujua ya kuwa Bwana amekwisha kumwacha. Huko gerezani nywele zilianza kuota tena. Lakini nguvu alizipata alipomlilia Mungu (Waamuzi 16).

Ndivyo ilivyokuwa kwa mahali pia. Hana alimtoa mwanawe Samueli kwa Bwana, akaahidi kwamba wembe hautamgusa kichwani, na mtoto alitumika katika nyumba ya Mungu huko Shilo. Lakini katika nyumba hiyohiyo wana wa kuhani Eli walinyang'anya nyama za sadaka. Waisraeli walilitoa Sanduku la Agano wakalipeleka vitani kana kwamba ni dawa ya kuwashinda adui, nalo likatekwa. Baadaye nabii Yeremia aliwaonya watu wa Yerusalemu waliolitumainia hekalu tu: nendeni Shilo mkaone yaliyopapata (Yer. 7).

Basi, nywele zisizo na nadhiri ni nywele tu, na nyumba isiyo na utii ni kuta tu.

3. Kanisa lafundisha nini?

Mahali huwa patakatifu kwa sababu Mungu amejitwalia. Musa alivua viatu penye kichaka kilichowaka moto kwa kuwa Mungu alikuwapo. Sheria ya Kanisa yasema kwamba mahali patakatifu ni pale palipotengwa kwa ibada au kwa maziko ya waamini, kwa kutabarukiwa au kubarikiwa. Tangu Padre Gabriel Grison alipoanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli mwaka 1897, karibu na maporomoko ya mto, sadaka ya Misa hutolewa katika eneo letu hili. Ndiyo maana twapiga goti, twanyamaza, twavaa kwa adabu.

Lakini ishara za kichwani zimebadilika mara nyingi. Zamani kijana aliyeingia katika daraja la wakleri alikatwa nywele kidogo na askofu. Papa Paulo VI aliiondoa desturi hiyo mwaka 1972. Sheria ya mwaka 1917 iliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Sheria ya mwaka 1983 haina tena amri hiyo. Mnadhiri alifuga nywele, mkleri alikatwa nywele, na wote wawili walisema neno moja: mimi ni wa Mungu.

4. Mfano wa karibu nasi

Mwenye Heri Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza huko Bafwabaka tarehe 5 Agosti 1959. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, alikataa kuivunja nadhiri yake ya usafi, akauawa. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Hakuuawa mbele ya altare. Lakini mwili wake ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu, naye aliulinda mlango wake hata kufa.

5. Turudi kwa yule kijana

Mwalimu alifanya vema kuipenda nyumba ya Mungu, lakini alikosa kuhukumu moyo kwa kutazama kichwa. Huenda kijana yule ana majivuno, kama Absalomu aliyepima uzito wa nywele zake. Huenda amefungwa na kiapo cha ushirikina. Huenda afuata tu desturi ya vijana wenzake. Mwalimu hawezi kujua asipomwuliza, tena hawezi kumwuliza akiwa amemfukuza. Amkaribishe kwanza, wasali pamoja, kisha wazungumze kwa upole.

Mkumbukeni yule mwanamke mwenye dhambi aliyeingia nyumbani mwa Mfarisayo, akaipangusa miguu ya Yesu kwa nywele zake (Lk. 7). Mwenye nyumba alimdharau. Yesu alimsamehe.

Maswali ya kujipima

Kwa nini Mnadhiri alinyolewa penye mlango wa hema takatifu?
Samsoni alipotewa na nini kabla ya kujua?
Ni ishara gani ninayoitegemea mimi, huku moyo wangu uko mbali?

Azimio

Juma hili nitamtembelea mtu mmoja aliyeacha kuja kanisani kwa ajili ya neno langu au la mwenzangu, nami nitamwomba arudi.