Injini Ikigonga, Pima Kwanza: Somo la Bering za Konrodi

Wengi wetu tumesikia watu wakisema, "Gari ya fulani imenoki." Ukiuliza huko kunoki ni nini, unaambiwa tu injini imekufa. Leo nataka kueleza kinachokufa humo ndani na jinsi mimi na mjomba tulivyokibadilisha uani kwetu wakati wa likizo.

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka. Konrodi huiunga pistoni na krenki, ule mtaimbo uliopindapinda unaogeuza mwendo huo uwe wa kuzunguka. Pale konrodi inapoishika krenki ndipo bering ilipo. Usidhani ni bering ya gololi kama ya baiskeli! Hii ni vipande viwili vya nusu duara, mgongo wake chuma kigumu na uso wake madini laini. Mwaka wa 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alibuni madini ya namna hiyo kwa kuchanganya bati, shaba na antimoni. Ulaini huo una maana: heri bering iishe, krenki ipone.

Kati ya bering na krenki kuna nafasi ndogo sana. Katika injini nyingi ndogo ni kama milimita 0.02 hadi 0.06, na hujaa oili. Darasani tunafundishwa kuwa oili hupunguza msuguano. Hapa inafanya zaidi, kwa maana krenki huelea juu yake. Oili ikipungua au ikichakaa, vyuma hugusana, nafasi inapanuka, na hapo utasikia ngo! ngo! ngo!

Pikapu ya mjomba hubeba viazi na karo yangu hutoka humo. Ilipoanza kugonga, watu walimwambia anunue injini nyingine. Yeye alisomea umakanika, basi akaniambia, "Kijana, tupime kwanza." Tukawa tunazima injini, tunatoa waya wa plagi moja, tunawasha tena. Tulipofika silinda ya tatu, kelele ikapungua. Mgonjwa akajulikana.

Kazi yenyewe huenda hivi:

Kwanza, inua gari kwa jeki kisha uiweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Toa waya wa betri, mwaga oili, fungua sampu. Ukiona vumbi la madini linalometameta ndani ya oili, hiyo ni bering iliyosagika.

Pili, zungusha krenki mpaka konrodi ifike chini. Kabla ya kufungua kifuniko chake, kitie alama ya namba na upande. Kila kifuniko lazima kirudi kwenye konrodi yake vilevile kilivyokuwa. Boliti zake zivalishe vipande vya mpaipu wa mpira zisije zikakwaruza krenki.

Tatu, pima krenki kwa maikromita sehemu kadhaa. Hapa ndipo wengi huruka. Nyuma ya bering ya silinda ya tatu tulikuta kipande cha bati la mkebe! Fundi mmoja wa hapo awali alikuwa amekichomeka ili kelele ipungue. Bering isiyokaa barabara kitini pake hupata joto na kupoteza umbo, na krenki ikalipia: mahali hapo palikuwa pameliwa, si duara tena. Kama tungeweka bering mpya tu, ingegonga tena. Kwa hivyo tukashusha injini, krenki ikapelekwa kuchongwa, tukanunua bering za 0.25, zilizo nene zaidi ili kujaza kilichochongwa. Mfuko uliumia, lakini si kama injini nzima.

Nne, safisha kila kitu. Mgongo wa bering ukae mkavu, ulimi wake uingie kwenye pengo lake. Uso wake upake oili. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu kama kitabu cha injini hiyo kinavyosema. Ukimaliza kila kifuniko, zungusha krenki kwa mkono. Ikikwama, simama utafute sababu.

Mwisho, weka filta na oili mpya. Zungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake, mpaka taa ya oili izime. Ndipo uiwashe, na usiibebeshe mzigo siku za kwanza.

Wenzangu, bering haifi bure. Kuna oili iliyosahauliwa, au kazi iliyolipuliwa. Ukiondoa kelele bila kuondoa sababu, umelipa mara mbili. Mkienda nyumbani, chomoeni kijiti cha oili mwangalie kiasi kilichobaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.