Kinasa Unacho, Je, Amana Unaiweza?

Haya mdogo wangu, vuta kiti tuongee. Najua lililokukuta. Bosi amekukabidhi kinasa cha mikutano ya video, akasema, "Wewe si ndiye kijana wa kompyuta?" kisha akaenda zake. Sasa unakizungukazunguka, unaogopa kuuliza usije ukaonekana hujui. Wenzako wengi wako hivyo hivyo, na kuuliza si ujinga. Tena nikwambie mapema: waya utazielewa kwa siku moja. Ugumu ni kutunza maneno ya watu.

Kwa nini ofisi imeingia gharama hiyo? Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako Kibaha, na Kisarawe ni wilaya ya mkoa huo huo. Lakini mtu wa Kisarawe akiitwa kikaoni Kibaha, ama akamate njia ya Mpuyani na Kiluvya, ama ashuke Pugu na Gongo la Mboto, apambane na foleni za Dar ndipo aishike Barabara ya Morogoro. Mkutano wa video umeokoa nauli na viuno vya watu. Shida inakuja wiki ya pili, huyu anasema tulikubaliana, yule anasema mimi sikutamka hilo. Hapo ndipo kinasa kinapohitajika.

Kielewe hivi: ni mjumbe wa tatu asiyesema kitu. Kina anwani yake kwenye mtandao, unakipigia kinaingia mkutanoni, kinasikiliza pande zote na kuhifadhi. Mashine nyingi za vyumba vya mikutano huwasiliana kwa H.323, utaratibu wa kimataifa uliopitishwa mwaka 1996, au kwa SIP. Hakikisha kinasa chako kinakubali huo unaotumika kwenu. Kimoja kinatosha, kikae Kibaha, na Kisarawe waingie mkutano ule ule. Ila kama mashine zenu zinaunganisha pande mbili tu, mjumbe huyu hatapata nafasi, kwa hiyo muulize fundi kama kinasa chenyewe kinaweza kukaa katikati na kuziunganisha. Halafu omba kipewe anwani ya IP isiyobadilika. Ukiiacha ijibadilikie, Jumatatu utapiga na hakuna kitakachoitika, na wazee watakutazama wewe.

Sasa saa. Mdogo wangu, saa! Vifaa vingi vinatoka kiwandani vikifuata saa ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kikao cha saa nne asubuhi kitaandikwa 07:00, yaani saa moja, wakati nusu ya wajumbe walikuwa bado kwenye daladala. Siku ya ugomvi mtu atashika kosa hilo hilo aseme rekodi yote ni ya kutunga. Weka saa ya Afrika Mashariki na uiache ijirekebishe kwa mtandao.

Nafasi nayo ipigie hesabu. Ukirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde, saa moja inakula karibu megabaiti 900, na kikao cha saa tatu kinakaribia gigabaiti 3. Diski ikijaa, vinasa vingine hukataa kurekodi, vingine hufuta cha zamani bila kukuaga. Na umeme unaujua mwenyewe: ukikatika kikao kikiendelea, faili linaweza kuharibika lote. Kiunganishe na UPS, na swichi ya mtandao pia, maana kinasa kikibaki hai huku swichi imezima utarekodi kimya kitupu.

Kabla ya kikao, rekodi dakika tano za majaribio. Kisha usikilize, usiangalie tu kama taa inawaka! Sauti ya Kisarawe imeingia? Majedwali wanayoonyesha kwenye skrini yameingia? Haraka haraka haina baraka, na wajumbe hawatarudi kuyasema upya kwa ajili yako.

Sasa niangalie usoni. Usirekodi watu kwa kuwavizia. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba kikao kinarekodiwa na kwa sababu gani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura na sauti ya mtu ni taarifa zake. Hata Mahakama ilitungiwa kanuni zake za mashauri ya mtandao na kurekodi kielektroniki mwaka 2021, sembuse wewe na kisanduku chako.

Fikiria mtumishi anaeleza kikaoni ugonjwa wake, sauti inamtetemeka. Kipande kile kikivuja, magharibi haijaingia kimeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp. Maji yakimwagika hayazoleki, na kesho yake hakuna atakayefungua mdomo kwenye kikao chako. Jambo la siri likianza, muulize mwenyekiti kama usimamishe kurekodi. Na bosi akikuomba kipande cha "kumwonyesha fulani", mjibu kwa adabu: naomba uniandikie, mkuu. Usikiweke kwenye flashi na kumpenyezea mkononi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila faili liandike tarehe, jina la kikao na mahali, kisha uelewane na masijala nani anaruhusiwa kulifungua na litakaa muda gani. Wala usimwambie katibu asiandike muhtasari eti kinasa kipo. Nani ana muda wa kusikiliza saa tatu akitafuta azimio moja?

Nimekusema sana leo, lakini nakupenda, na aibu ya ofisini siitaki ikukute. Basi anza na lile unaloliahirisha kila siku: neno la siri la kiwandani. Limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, yeyote anaweza kulisoma na kuingia. Libadilishe leo kabla hujafunga ofisi. Usiniambie wiki ijayo.