Somo: Mtoto Aliyezaliwa Bila ya Ubongo



Ndugu yangu Mwislamu, huku kwetu Iringa na Mbeya, kama penginepo duniani, hutokea mara chache mwanamke akajifungua mtoto aliyetimia mikono na miguu, illa juu ya macho hana fuvu wala ubongo kamili. Madaktari huuita ugonjwa huu anensefali. Watu hunong'ona: amerogwa, ni mwana wa jini, mamaye alizini. Mume naye pengine hutoa talaka. Maneno hayo ni uwongo, na kumsingizia zina mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika yale madhambi saba ya kuangamiza.

Khabari yenyewe ni hii. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe mwembamba, ukajikunja, kingo zake zikaungana kuwa mfereji. Kazi hiyo hwisha kwa kadiri ya siku 28 tangu mimba kutunga, na mama aghlabu hajajijua. Mfereji ukibaki wazi chini, mtoto huwa na mgongo wazi, naye hupasuliwa akashonwa. Ukibaki wazi juu, hapana dawa: wengi huzaliwa wafu, na waliobaki hufa kwa saa au siku chache. Akipumua au akilia, ni shina la ubongo lililosalia, fahamu hana.

Walakini kwa sharia huyo yu hai. Hupewa jina, na akifa huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa. Hurithi na kurithiwa. Si halali kumharakishia kifo, wala kumfukia usiku kwa siri kama mzoga.

Sababu zake hazikujulikana zote, lakini moja ni upungufu wa vitamini iitwayo foliki asidi. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kuwa wanawake waliopata kuzaa watoto wa namna hii, walipoimeza kabla ya mimba, ugonjwa ulipungua kwa kama sehemu 7 katika 10. Nasi twapenda sembe nyeupe, iliyovuliwa wishwa na kiini! Kanuni za mwaka 2011 ziliamuru vinu vikubwa vitie vitamini hiyo katika unga. Mashine nyingi za vijijini hazitii. Basi maharage na mboga za majani visikose nyumbani, na mwanamke atakaye kuzaa ameze miligramu 0.4 kila siku, tangu mwezi mmoja kabla ya mimba. Aliyekwisha kuzaa mtoto kama huyu amwendee daktari kwanza, maana kipimo chake ni kikubwa zaidi. Kungoja kliniki mimba ikiwa ya miezi mitatu ni kuchelewa; mfereji ulikwisha kufunga, au ulikwisha kubaki wazi.