Mtoto wa Kulea na Dini ya Mlezi: Tujifunze Kutoka India

Vijijini kwetu kulea mtoto wa mwingine si jambo geni. Mama akifariki, shangazi au bibi anamchukua mtoto. Hatuendi mahakamani, wala hatuandiki karatasi. Lakini siku ya kugawa mali, hapo ndipo maneno yanapoanza. Je, huyu ni mtoto wa nyumba hii, au alilelewa tu?

Swali hilo lilifika mpaka Mahakama ya Juu ya India. Tumeichagua India kwa sababu kule watu wa dini nyingi wanaishi pamoja, kama sisi, na mambo ya ndoa na mirathi kwa kawaida hufuata sheria ya dini ya mtu.

Kwanza tuelewe maneno mawili. Kuasili mtoto ni kumfanya mtoto wa mwingine awe wako kabisa kisheria. Anakurithi kama uliyemzaa. Ulezi ni kitu kingine. Mlezi anamtunza mtoto mpaka afikishe miaka 18, basi, kazi yake kisheria imekwisha. Mtoto huyo hana haki ya kumrithi mlezi wake, labda aandikiwe wasia.

Mwaka 1956 India ilitunga sheria ya kuasili. Ilikuwa ya waumini wa dini ya Kihindu, pamoja na Mabudha, Wajaini na Masingasinga. Waislamu, Wakristo, Waparsi na Wayahudi hawakuwemo. Hao walibaki na sheria ya ulezi ya mwaka 1890, ya enzi za Waingereza. Basi tuseme majirani wawili wanachukua yatima siku moja, kutoka kituo kimoja. Mmoja anakuwa mzazi, mwenzake anakuwa mlezi tu. Kilichowatenganisha ni dini.

Mwaka 1972 Serikali ilileta muswada wa sheria moja kwa wote. Haukupita, maana Waislamu waliupinga. Hapa tusiwe wepesi wa kulaumu. Qurani, katika sura ya Al-Ahzab, inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Uislamu unahimiza sana kumtunza yatima, na njia yake inaitwa kafala. Unamlisha, unamvisha, unamsomesha, lakini ukoo wake haubadiliki. Ukitaka kumwachia mali, unaweza kuandika wasia usiozidi theluthi moja. Anayeshika hayo ana hoja yake, si mkaidi.

Baadaye ikaja sheria ya watoto ya mwaka 2000, iliyorekebishwa mwaka 2006. Hii haikuuliza dini ya anayetaka kuasili. Wakati huo mwanaharakati mmoja, Bi. Shabnam Hashmi, alikuwa amekwishafungua kesi mwaka 2005. Alimchukua binti wa kumlea, akaambiwa kwamba kwa Mwislamu sheria inatoa ulezi tu. Bodi ya Sheria za Waislamu ya India nayo ikaingia katika kesi kutetea kafala.

Tarehe 19 Februari 2014 majaji watatu walitoa hukumu. Walisema sheria ya watoto ni ya hiari. Anayetaka kuasili aitumie. Asiyetaka afuate taratibu za dini yake, hakuna atakayemshurutisha. Lakini imani ya wengine haiwezi kumfungia njia yule anayetaka.

Hata hivyo Bi. Shabnam hakupata yote. Aliomba itangazwe kwamba kuasili na kuasiliwa ni haki ya msingi ya Katiba. Majaji wakakataa. Walisema wakati wake haujafika, kwa kuwa imani za watu bado zinapishana.

Sisi tunaona hukumu hiyo ina busara, ila ina tundu moja. Hiari yote ni ya mtu mzima. Mtoto atarithi au hatarithi kufuatana na sheria aliyoichagua mkubwa wake.

Kwa upande mwingine, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina, sambamba na kuasili. Unasema pia dini aliyokulia mtoto iangaliwe. Na hapa jirani, sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala.

Jadilianeni kikundini: Katika kijiji chenu, mtoto anayelelewa na watu wa dini tofauti na ya wazazi wake afuate dini gani? Na wewe unayelea mtoto wa ndugu yako sasa hivi, je, umemwandikia chochote?