SOMO LA AFYA: UFIZI UNAOTOKA DAMU

Ndugu wakimbizi wenzangu, wazazi na vijana,

Tunapotembelea nyumba kwa nyumba huwa ninauliza: "Nani hapa hutokwa na damu akipiga mswaki?" Mara nyingi hujibu zaidi ya mtu mmoja. Baba mmoja aliniambia ameacha kabisa mswaki ili asiuumize ufizi. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipozidi. Ufizi wenye afya hautoki damu. Ukitoka, iko sababu. Leo tujifunze sababu tatu.

1. Uchafu wa meno

Hii ndiyo sababu ya kawaida zaidi. Utando laini wenye vijidudu hushika meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa hugeuka ugaga, mgumu kama jiwe. Ufizi huvimba na mdomo hunuka. Miaka ikipita, mfupa unaoshika meno huliwa na meno hulegea.

Ufanye nini? Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, taratibu, mpaka kwenye ukingo wa ufizi, hata kama damu inatoka. Kama huna mswaki wa dukani, tafuna ncha ya kijiti mpaka iwe kama brashi. Usisugue kwa mchanga. Kila mtu awe na mswaki wake. Damu isipopungua kwa wiki mbili, au jino likilegea, nenda zahanati.

2. Kiseyeye

Ugonjwa huu hutokana na kukosa vitamini C. Unga, maharagwe na mafuta ya mgawo hushibisha, lakini vitamini hiyo haimo ya kutosha. Mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini waliugua kiseyeye. Walilalamikia maumivu ya miguu na magoti, na wengine ufizi uliovimba na kutoka damu. Basi kijana akikuambia miguu inamuuma, mwangalie na mdomo.

Kinga yake ni mapera, mapapai, maembe, malimau, nyanya na mboga za majani. Lengalenga (mchicha) usiichemshe muda mrefu, maana moto huua vitamini C. Sombe ni lazima iive sana, kwa hiyo ongeza tunda au nyanya mbichi iliyooshwa. Panda mboga kwenye gunia karibu na nyumba, umwagilie maji ya kunawia. Mgonjwa apelekwe zahanati. Akipata vidonge vya vitamini C hupona.

3. Kidonda cha ufizi kwa mtoto

Wazazi, hapa msikawie hata siku moja. Mtoto aliyekonda, au aliyetoka kuugua surua au malaria, anaweza kupata kidonda kwenye ufizi. Mdomo hunuka sana, shavu huvimba, na kwa siku chache tu nyama ya shavu huoza na kutoboka. Ugonjwa huu huitwa noma. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, na wasiotibiwa wengi hufa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Noma si uchawi, wala hauambukizi. Msimfiche mtoto ndani kwa aibu. Akifika mapema, dawa za kuua vijidudu, usafi wa mdomo na chakula bora humponya kabla uso haujaharibika. Kila jioni mfunulie mtoto wako mdomo kwenye mwanga, uangalie ufizi. Ni kazi ya dakika moja.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Kwa nini tusiache mswaki ufizi ukitoka damu?
- Wiki hii tumekula tunda au mboga gani?
- Ni mtoto gani jirani aliyetoka kuugua surua? Nani atamtazama mdomo leo?

Ni mimi mhamasishaji wenu wa afya.