Maabara ya Kompyuta Ifunguliwe Kila Siku

Maabara nyingi za kompyuta katika shule zetu haziuliwi na wanafunzi. Huuliwa na kufuli. Mashine huletwa kwa shangwe, mgeni rasmi hukata utepe, picha hupigwa, kisha mlango wa nondo hufungwa kwa hofu kwamba watoto wataharibu. Ndani ya chumba hicho, betri za UPS, ambazo nyingi ni za risasi na asidi, huishiwa chaji na kufa bila kufanya kazi yoyote ya maana. Panya hutafuna nyaya. Sehemu za pwani, hewa yenye chumvi hula viunganishi. Anapokuja mwalimu mpya na kufungua, mashine nyingi haziwaki, na lawama humwangukia mwanafunzi ambaye hajawahi hata kuzigusa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo ni kufungua. Fungua kila siku ya masomo, hata siku isiyo na kipindi cha kompyuta. Yanayofuata yanahusu siku ya kawaida katika sekondari ya kawaida ya Tanzania, yenye umeme wa kukatikakatika, bando la kubana, na mashine zilizotumika kwingine kabla ya kufika kwetu.

Fika nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza. Kabla ya kugusa swichi, simama mlangoni unuse, kwa sababu harufu ya plastiki iliyoungua hutangulia moshi. Tazama dari kama lina alama ya maji, hasa wakati wa masika, kisha pitia soketi na ekstensheni. Usichomeke ekstensheni moja ndani ya nyingine. Washa UPS, kisha rauta, kisha kompyuta safu moja baada ya nyingine; ukiziwasha zote kwa mpigo, umeme zinaouvuta mwanzoni unaweza kuangusha swichi kuu ya chumba. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata siku moja, maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi kuliko UPS ndogo inavyoweza kubeba.

Kisha vumbi. Futa meza kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, na skrini kwa kitambaa laini kikavu. Kama chumba bado kina ubao wa chaki, pigania ubao mweupe wa kalamu kabla ya kuomba kompyuta nyingine, kwa kuwa unga wa chaki huingia kwenye feni na kuifanya mashine ipate joto na kujizima katikati ya somo. Mara moja kwa muhula toa mashine nje, fungua kava na upulize vumbi kwa blowa, huku umeizuia feni isizunguke ili isiharibike.

Kila kompyuta iwe na namba iliyoandikwa kwa rangi, na namba hiyo hiyo iwe kwenye skrini, kibodi na mausi yake. Kisha uwe na daftari. Anayekuta tatizo aandike tarehe, namba ya mashine na alichokiona, si alichokidhania. “Namba 7 inalia mara tatu, skrini nyeusi” ni habari ya kufanyia kazi. “Namba 7 mbovu” haimsaidii mtu. Mlio huo, kwa mfano, mara nyingi ni kadi ya RAM iliyolegea au kushika uchafu: zima, chomoa waya wa umeme, toa kadi, futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ishike.

Kuna ugonjwa mmoja unaozipotezea shule pesa bure, na ningependa kila mwalimu wa TEHAMA aujue. Kompyuta inawaka vizuri, mtandao upo, lakini karibu kila tovuti inatoa onyo la usalama na kukataa kufunguka. Watu hudhani ni virusi. Fundi anaitwa, Windows inawekwa upya, analipwa, na baada ya siku chache tatizo limerudi. Tazama saa iliyoko pembeni chini ya skrini. Ikionyesha mwaka uliopita zamani, umepata jibu. Kwenye ubao mkuu wa mashine kuna betri bapa ya mviringo yenye alama CR2032, ya volti 3, ambayo hutunza saa wakati kompyuta imezimwa. Inapoisha, tarehe hurudi nyuma. Tovuti salama nazo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2010 huona cheti cha leo hakijaanza kutumika, ikakikataa. Betri hii haina gharama kubwa na hupatikana hata kwa mafundi saa. Chomoa waya, gusa chuma cha kava ili kuondoa umeme tuli ulio mwilini, badilisha betri, rekebisha tarehe. Kwa mashine kuukuu nunua kadhaa kwa mara moja, maana zikianza kuisha hufuatana.

Jambo jingine la kukaguliwa kwa macho tu: kompyuta za msaada kutoka Marekani. Umeme wa majumbani kule ni volti 120, wetu ni 230. Baadhi ya mashine za zamani zina kiswichi chekundu nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, chenye namba 115 na 230. Kikiachwa kwenye 115, pawa saplai itapasuka kwa kishindo utakapoiwasha. Kagua kila moja kabla ya kuichomeka.

Sasa wanafunzi wameingia. Kipindi ni dakika 40, na tano za mwanzo huliwa na kukaa na kuwasha, hivyo mwombe mtaaluma akupangie vipindi viwili mfululizo. Darasa la wanafunzi 60 kwenye mashine 20 ni watatu kwa kila moja, na hapo ndipo haki ya mtoto hupotea kimyakimya. Ukiwaacha wajipange wenyewe, mausi itashikwa na yule ambaye nyumbani kwao kuna kompyuta, na mara nyingi ni mvulana. Nimeona wasichana wakifika kidato cha nne wakiijua kompyuta kwa kutazama juu ya bega la mwenzao tu. Weka utaratibu: mmoja anatumia mashine, wa pili anamsomea maelekezo, wa tatu anaandika hatua. Baada ya dakika 10 gonga meza, wazunguke. Anayesoma maelekezo asiguse mausi hata akiona mwenzake amekosea, aseme kwa mdomo. Na kila mmoja awe na faili lake lenye jina lake, lililohifadhiwa kwa mkono wake.

Intaneti isikuzuie kufundisha. Kolibri, iliyotengenezwa na Learning Equality, huwekwa kwenye kompyuta moja, na nyingine zikasoma masomo yake kupitia mtandao wa ndani wa chumba bila bando. Kiwix nayo hukuwezesha kuipakua Wikipedia na kuisoma bila intaneti. Ile ya Kiswahili ni nyepesi kiasi cha kuenea kwenye flashi. Pakua mahali penye mtandao mzuri, hata mjini, urudi nazo shuleni. Bando lililopo litumike kwa kinachohitaji mtandao kweli, kama maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Katika mipangilio ya Windows, weka mtandao wako kwenye hali ya bando lenye kikomo, la sivyo masasisho ya mashine 20 yatalimaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Flashi ndizo huleta virusi. Kuzipiga marufuku hakufai, kwa sababu walimu wenzako watazichomeka tu. Tenga kompyuta moja ya ukaguzi karibu na meza yako, yenye Linux, ambayo virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kuishambulia. Kila flashi ipite hapo kwanza. Mtu akilia kwamba mafaili yake yamegeuka vialama vya njia za mkato, mwambie asivibofye wala asifute kitu. Kwa kawaida mafaili yamefichwa tu. Kwenye dirisha la amri la Windows, katika mashine yenye kinga ya virusi, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi hiyo badala ya E. Yatajitokeza. Yanakili, kisha iumbize upya flashi.

Umeme ukikatika, UPS si ya kuendelezea somo. Ni ya kuhifadhi kazi na kuzima. Wafundishe wanafunzi kufanya hivyo ndani ya dakika mbili, kisha zima swichi za ukutani zote. Umeme ukirudi, subiri dakika kama 10 ndipo uwashe; unaporudi huweza kupanda na kushuka, na mashine nyingi hufa dakika hizo.

Kuna uamuzi mmoja usiosubiri. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za shule hazina. Usikubali kuambiwa kwamba mashine hizo ni za kutupwa. Yenye RAM ya GB 4 huenda vizuri na Linux Mint pamoja na LibreOffice, kwa kuandika, kukokotoa na kutayarisha mawasilisho. Kama kuna fedha kidogo, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD. Hakuna matengenezo mengine ya bei hiyo yanayoleta tofauti kubwa kiasi hicho. Ukishaandaa mashine moja vizuri, tumia Clonezilla, ambayo ni ya bure, kunakili kila kilichomo kwenye nyingine za aina hiyo. Nakala hiyo itakuokoa pia siku mashine moja itakapovurugika.

Saa za jioni acha mlango wazi kwa wanaotaka mazoezi, chini ya viranja wawili waliofundishwa. Hapo ndipo vidole vinazoea kibodi. Hakikisha kila mtu ametoka kwenye akaunti yake ya barua pepe, na matokeo ya mitihani yasikae kamwe kwenye mashine za wanafunzi. Zima, hesabu mausi, andika daftari. Ukurasa wa mwisho wa mwezi upeleke kwa mkuu wa shule ukiwa na mahitaji yenye bei. Ombi lenye tarehe na namba za mashine ni gumu kulikataa.

Kisha andaa jalada la atakayekupokea, kwa kuwa walimu huhamishwa: maneno ya siri ndani ya bahasha iliyofungwa, mchoro wa nyaya, nakala ya Clonezilla, simu ya fundi. Ufunguo wa pili ukae kwa mkuu wa shule. Kama kesho una safari, jina la atakayefungua liandikwe ubaoni leo, kabla hujatoka.